Nani Anawalipa?

Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi jioni, wanafunzi wanne wa kitivo chetu tulikuwa tukikutana katika chumba kimoja cha ghorofani karibu na soko la Nyawera ili kucheza mchezo wa wanyonya damu. Sisemi sinema, wala mchezo wa simu. Huu ni mchezo wa kukaa kuzunguka meza, wenye karatasi, kalamu na dadu za pande kumi, ambamo kila mtu anachukua mhusika wake na kusema kwa niaba yake. Mwenzetu mmoja wa idara ya Kiingereza alikipata kitabu chake, akatuletea, na akatupa sharti moja tu: tucheze kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, pasipo kukimbilia Kifaransa tunapokwama. Tulikubali huku tukicheka. Kicheko hicho hakikudumu, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa kuwa naona inawahusu wote wanaojifunza lugha katika mji huu.

Mchezo wenyewe unaitwa Vampire: The Masquerade. Uliandikwa na Mmarekani Mark Rein-Hagen na kuchapishwa na kampuni ya White Wolf mwaka 1991. Ndani yake, mnyonya damu wa kwanza ni Kaini, yule aliyemwua nduguye Abeli. Wengine wote ni uzao wake, na kadiri mtu anavyokuwa mbali naye kwa vizazi, ndivyo nguvu zake zinavyopungua. Wamegawanyika katika koo. Koo saba zinashikilia chama kikubwa kiitwacho Camarilla. Ventrue ni watu wa kutawala, Toreador wanapenda sanaa, Brujah ni waasi, Nosferatu wana sura za kutisha, wanaishi katika mifereji chini ya mji na kufanya biashara ya siri. Kila mji una mtawala wake, anayeitwa Prince hata akiwa mwanamke, na pembeni yake linakaa baraza la wazee wa koo. Dhidi yao wapo Sabbat, wanaosema kwamba binadamu ni chakula na hakuna sababu ya kujificha mbele ya chakula. Wapo pia Anarchs, vijana waliochoshwa na wazee wasiokufa wala kustaafu. Nadhani msomaji wa Kongo hahitaji maelezo marefu kuhusu wazee wasiostaafu.

Juu ya yote hayo iko sheria moja, ile iliyoupa mchezo jina: binadamu wasijue. Wanyonya damu wanaweza kusalitiana, kupinduana na kuuana, lakini anayewafunulia binadamu siri anahukumiwa na wote. Siasa nzima ya mchezo inasimama juu ya sheria hiyo. Ukicheza vizuri, unamaliza usiku mzima bila kupiga risasi hata moja. Unanong'ona, unaahidi, unamkopesha mtu fadhila na kuidai baada ya miaka mia.

Tulianza kukwama kwenye neno la kwanza kabisa. Mnyonya damu kwa Kiswahili ni nani? "Mnyonya damu" linaeleweka, lakini ni maelezo tu, kama kumwita daktari "mpima wagonjwa". Tulitaka neno lenye historia, na tulipolitafuta tulipata mengi kuliko tulivyotaka.

Pwani wanasema mumiani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba mumiani ni kitu cheusi kama gundi, kilicholetwa kutoka Uajemi na kutumiwa kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu mengine. Kisha inaongeza kwamba watu wengi waliamini ni damu ya binadamu iliyoganda, na kwamba uvumi wa mumiani ukianza mjini, watu hawatoki nje baada ya jua kuzama. Basi neno lilianza kama jina la dawa, likawa jina la damu, na mwisho likawa jina la mtu anayeitafuta damu hiyo. Nairobi na Kampala, zamani za ukoloni, walisema wazimamoto, kwa sababu watu waliamini kwamba waajiriwa wa kikosi cha kuzima moto, wenye magari mekundu, ndio wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Huku kwetu Kongo, hasa Katanga ya miaka ya 1940, walisema batumbula, neno lililo ndugu wa "kutumbua".

Tazama maneno hayo matatu kwa pamoja. Hakuna hata moja linalotaja ukoo, jumba la mawe, joho jeusi au mtoto wa kifalme. Moja ni bidhaa, la pili ni kazi ya mshahara, la tatu ni tendo la mchinjaji. Mnyonya damu wa Ulaya, tangu John Polidori alipochapisha hadithi yake mwaka 1819 na Bram Stoker alipotoa Dracula mwaka 1897, ni mtu wa tabaka la juu, mwenye cheo, shamba na jina la kurithi. Wa kwetu ameajiriwa. Anavaa sare, anapanda gari la serikali, ana bosi, na damu si chakula chake. Anaipeleka mahali. Jambo hilo tuliliona kwenye karatasi bila kulielewa, na tukaendelea na tafsiri.

Maneno ya vyama yalitupa kazi zaidi. Camarilla lilikuwa rahisi. Kwa Kihispania ni chumba kidogo, na ndivyo walivyoitwa washauri wa siri wa mfalme. Tukawaita "watu wa chumbani", na hakuna aliyeomba maelezo. Kwa Prince mmoja wetu alipendekeza "Mwami", lakini mwenzetu anayetoka Walungu alikataa palepale. Mwami hajifichi, alisema. Watu wanajua jina lake, la baba yake na la babu yake, na wanajua pia kuwa wapo bajinji, walinzi wa mila, ambao pasipo wao hawezi kutawazwa. Huyu wa kitabuni anatawala watu wasiojua kwamba yupo. Tukamwita "Mkubwa", kama tunavyomwita kila mtu ambaye simu yake ikipigwa mlango unafunguka.

Neno ukoo lilitusumbua siku nzima. Kitabuni, ukoo unaurithi kwa damu na hauwezi kuuacha. Tabia yako, kipaji chako na udhaifu wako vyote vinatoka humo. Kucheza hivyo Bukavu si jambo dogo. Mji huu ulitekwa na wenye silaha Juni 2004 na tena Februari 2025, na kila mara swali "wewe ni wa upande gani?" liliulizwa na mtu ambaye jibu lisipompendeza hana dadu mkononi. Mwenzetu wa idara ya Kiingereza alitukumbusha kitabu cha mwanahistoria David Newbury, Kings and Clans, kilichotoka mwaka uleule wa 1991. Newbury alichunguza kisiwa cha Ijwi, hapa hapa katika Ziwa Kivu, na kuonyesha kwamba koo zake hazikuwa vitu vya kale visivyobadilika; zilipata sura mpya wakati ufalme ulipokuwa ukijengwa. Yaani siasa ndiyo iliyoziunda upya koo, wala si damu iliyoamua siasa. Hapo tukaliacha neno ukoo tukaandika "kambi". Mtu anaweza kuhama kambi. Mchezo ulibadilika kidogo, lakini tulilala vizuri zaidi.

Kisha tukafika kwa wale binadamu wanaonyweshwa damu kidogo na bwana wao. Hawazeeki, wanapata nguvu, wanamlinda mchana anapolala, na wakishazoea damu yake hawawezi tena kumwacha. Kwa Kiingereza ni ghoul. Mmoja wetu alisema, kwa haraka kama mtu aliyepata jibu la mtihani, "Kadogo!" Lilikuwa neno sahihi kabisa, na ndiyo maana chumba kilinyamaza. Mwenzetu wa Walungu aliweka kalamu chini. "Mjomba yangu alikuwaka kadogo," alisema. "Tafuta jina ingine." Wote tunajua neno hilo lilipata maana gani mwaka 1996, watoto walipopewa bunduki zilizowazidi urefu. Tuliandika "mtumishi", neno lisilo na ladha. Tafsiri nyingine unaiacha kwa kuwa ni sahihi mno.

Chumba tulichochezea kilikuwa cha mama wa mmoja wetu. Yeye anauza sambaza sokoni, na jioni hupanda ngazi na beseni lake tupu, anaketi karibu na mlango na kuhesabu fedha. Kwa majuma matatu alitusikiliza tukigombana juu ya watu wa chumbani, waasi na Mkubwa wa mji, naye hakusema neno. Juma la nne, nilipokuwa nikieleza jinsi kambi mbili zinavyopanga kumwangusha Mkubwa, alifunga kitambaa chake cha fedha na kuuliza:

"Batoto, bale benye kunywaka damu, nani njo anabalipaka?"

Tulimjibu kwamba hawalipwi, Mama, wao ndio matajiri, damu wanakunywa wenyewe. Alitutazama kwa huruma. "Haiwezekane," alisema. Kisha akatueleza habari za batumbula alizosikia kwa baba yake, ambaye aliwahi kufanya kazi kusini, upande wa migodi. Katika masimulizi hayo, mtumbula ni mtu unayemfahamu. Mchana mnafanya kazi pamoja, usiku anatumwa. Hakuna anayemwuliza mtumbula anapenda nini au ana uchungu gani moyoni. Watu walitaka kujua nani amemtuma, gari ni la nani, anapewa kiasi gani kwa kila kichwa, na damu inakwenda wapi.

Swali la mama huyo ndilo lililonirudisha maktabani. Mwaka 1975 Rik Ceyssens aliandika makala juu ya mutumbula, akaiita hadithi ya mtu aliyeonewa. Mwaka 2000 Luise White, mwanahistoria aliyewahoji watu nchini Kenya na Uganda, alitoa Speaking with Vampires. Yeye hakujali kuthibitisha kama wazimamoto walikunywa damu. Aliuliza kwa nini watu waliosimulia walijali sana magari, sare, vifaa, vyeo na viapo vya kutotoa siri. Alichokiona ni kwamba hayo ni mazungumzo kuhusu kazi ya ajira katika zama za ukoloni: mtu analipwa kwa kazi ambayo jirani yake haielewi, anaamriwa na mtu asiyeonekana, na anachokizalisha kinaondoka nchini.

Basi tofauti kati ya kitabu chetu cha mchezo na masimulizi ya kina mama wa sokoni ni mahali anaposimama msimulizi. Katika mchezo tumeketi chumbani pamoja na wanyonya damu. Tunajua nani anamsaliti nani, tunahurumia uzee wao mrefu, na binadamu wanapita barabarani kama mbuzi wa mtu mwingine. Katika masimulizi yetu msimulizi yuko nje ya mlango, pengine ndiye anayefuata kutolewa damu, na siasa ya walio ndani anaikisia kwa alama chache zinazovuja: taa inayowaka usiku, gari lisilo na namba, jirani aliyejenga ghafla. Huyu wa nje hana habari kamili. Lakini anajua jambo moja ambalo wa ndani wanapenda kulisahau, kwamba mapigano ya kambi zao, hata yakiwa ya kuvutia namna gani, yanagharimiwa na damu yake.

Ningependa kuishia hapo, na kusema kwamba hekima iko sokoni. Haiwezekani, kwa sababu msimulizi wa nje naye anaua. Mwaka 1959, katika mtaa wa Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani uliamsha umati na askari polisi mmoja akauawa. Karibu zaidi na sisi, Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini Agosti 2018 ilikuwa imewapata watu 3470 na kuwaua 2287 ilipotangazwa kuisha Juni 2020. Katikati ya janga hilo vituo vya tiba vilishambuliwa Katwa na Butembo, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi Butembo. Wakati huo watu walikuwa wakisema kwamba ugonjwa ni biashara, kwamba damu na maiti vinauzwa, na kwamba magari yale mapya yanalipwa na mtu fulani. Mambo ni yaleyale: magari, vifaa, mishahara na siri.

Je, ulikuwa upuuzi mtupu? Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti juu ya unyanyasaji wa kingono uliofanywa na watu waliokuja kupambana na Ebola hiyohiyo. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika hilo la Afya. Wanawake waliahidiwa kazi, na bei ya kazi ilikuwa miili yao. Uvumi ulikosea kuhusu damu. Haukukosea kwamba ndani ya magari yale walikuwemo watu wanaokula watu, na kwamba wenzao walinyamaza. Ubaya wa uvumi ni kwamba unanusa moshi halafu unamshika mtu wa kwanza mwenye majivu mikononi, na mara nyingi huyo ndiye aliyekuja kuzima moto.

Nayasema haya nikiwa na mtu mmoja akilini. Mwishoni mwa mwaka 2019 binti wa shangazi yangu alijifungua, akaendelea kutokwa na damu. Waganga walisema anahitaji kuongezewa damu usiku ule, na familia itafute watu wa kutoa. Uani palizuka kambi mbili kamili, kama zile za kitabuni. Upande wa mume walikataa: damu ya ndugu zetu itauzwa, na huyu atapewa maji mekundu. Upande wetu walisema atolewe damu yeyote aliye tayari. Kulikuwa na wajumbe, vikao vya kunong'onezana, na wazee waliokuja kukumbusha madeni ya mahari. Saa zilikuwa zinakwenda.

Hakuna hotuba iliyowapatanisha. Baba mdogo wa mume, aliyekuwa mkali kuliko wote, alimwuliza muuguzi swali lilelile la mama wa sambaza: hii damu inakwenda wapi, na nani analipwa? Muuguzi angeweza kukasirika. Badala yake alimshika mkono, akampeleka kwenye chumba cha maabara, akamwonyesha jinsi damu inavyopimwa, akamwandikisha jina juu ya mfuko kwa mkono wake mwenyewe, akamtajia bei ya vipimo na jina la anayezipokea fedha. Kisha akamwacha aufuate mfuko ule hadi kitandani. Mzee alikaa hapo akitazama tone kwa tone mpaka ukaisha. Binti yupo hai, na mtoto wake sasa anasoma shule ya msingi. Mzee huyo ameshatoa damu mara mbili.

Muuguzi yule hakumwambia mzee kwamba yeye ni mjinga. Alikubali kwamba swali lake ni la haki na akalijibu. Nimefikiri sana juu ya hilo kwa sababu linakwenda kinyume kabisa cha sheria ya mchezo wetu. Kule kitabuni, kujificha kunawalinda walio ndani. Maisha ya hapa yananionyesha kwamba kufichaficha ndiko kunakowafanya walio nje wamwone mnyonya damu katika kila mwenye koti jeupe. Mkubwa anafunga mlango, na anayepigwa mawe ni muuguzi.

Baada ya swali la mama tulibadilisha kanuni. Tuliongeza kiti cha tano mezani, kiti cha binadamu. Anayekikalia hana nguvu zozote na hapigi dadu. Ni mlinzi wa usiku, mpanda pikipiki au mwuza sambaza, na kila usiku wa mchezo ana ruhusa ya kumwuliza mhusika mmoja: nani anakulipa? Aliyeulizwa lazima ajibu kweli. Kanuni hiyo moja iliivuruga siasa yote. Waasi walipojibu, tuligundua kwamba nusu yao walikuwa wakilishwa na baraza la wazee. Watu wa chumbani walipojibu, tuligundua kwamba Mkubwa ana deni kwa Sabbat. Alianguka katika usiku wa tatu, na hakuna aliyemgusa.

Lilibaki neno la mwisho la kutafsiri, ile Masquerade yenyewe, sheria ya kujificha. Mimi nilipenda "sitara", kwa uzuri wake. Mwenzetu aliyekulia Uvira, ambaye bibi yake alimlea kwa Kiswahili cha waswalihina, alitikisa kichwa. Sitara, alisema, ni ya mtu aliye uchi. Unamfunika kwa sababu unamheshimu. Mwizi akijifunika, hiyo ni kificho. Tuliandika "kificho", na mama, akiwa mlangoni na beseni lake, akasema kwamba sasa anaelewa mchezo unahusu nini.